Amri Haijulikani

Mzee Nzunda wa Mbozi alifariki mchana kweupe, katikati ya watu wake, na taa ya kipumulio chake ikiwa bado kijani. Mkewe alikuwa akimkata kucha. Aliona kifua kimetulia, akadhani mumewe anavuta pumzi taratibu kama ilivyokuwa desturi yake akishikwa mikono, akaendelea na kidole kingine. Alipopiga kelele, watu waliikimbilia mashine kabla ya kumkimbilia mtu, nayo mashine ikawaambia kila kitu ni salama.

Habari ile ilimfikia Subilaga kesho yake, ofisini Tukuyu, mvua ikipiga bati kwa ukaidi wake wa siku zote. Kazi yake ilikuwa kulinda vipumulio. Tangu ganzi kuu ilipopita nyanda za juu na kuwaacha watu wakiwa hai lakini hawawezi kuinua hata kope, maelfu yao waliishi kwa kifaa kidogo kilichopandikizwa chini ya mbavu, kikiwa na mashine yake yenye taa kando ya kitanda. Kifaa kiliwavutia pumzi, kiliwamezea mate, kiliwapimia dawa. Madaktari walisema wenye miili ile hawamo tena ndani, kwamba kilichobaki kitandani ni nyama na mazoea ya kuipenda. Baadhi ya familia ziliamini, nyingine zilikataa, lakini zote ziliosha, zilibadilisha mashuka, zilingoja.

Gwakisa, mume wa Subilaga, alikuwa mmoja wa waliolala hivyo.

Bi Kokusima, mkuu wa kitengo, alimwita ofisini kwake akafunga mlango. Alimweleza kuwa mzee Nzunda hakuuawa na hitilafu. Mtu fulani, aliyeko mahali wasipopajua, aliiamuru mashine iache kupumua, na mashine ikatii. Lililobaki ni kujua aliingilia wapi, na kama anaweza kuingia tena.

Subilaga alilikuta tundu mahali ambapo hakuna aliyewahi kupashuku, kwenye ganda la amri. Kila kipumulio kilikuwa nalo. Ni ile sehemu ya programu inayopokea maneno kutoka hospitali, punguza kasi, ongeza dawa, na kuyageuza kuwa vitendo. Kabla ya kutenda lolote, ganda husoma kwanza vigezo, yaani vijisanduku vya taarifa: jina la mgonjwa, saa, nguvu ya pumzi yake. Vigezo ni vya kusomwa tu, havina ruhusa ya kutenda. Lakini aliyeliandika ganda lile, kabla Subilaga hajazaliwa, alipitiwa na jambo moja. Kigezo kikibeba mabano yaliyofunguliwa na kufungwa kwa namna fulani, kisha kikaachiwa mkia nyuma yake, ganda lilisoma mabano, na badala ya kusimama hapo likaendelea kuutekeleza ule mkia. Ilikuwa kama mlinzi wa getini anayemuuliza mgeni jina lake, mgeni akajibu, "Naitwa fulani, na zima taa," naye mlinzi akaenda kuzima taa.

Kulipima tundu lile kulikuwa rahisi. Unatuma kigezo chenye mkia usiodhuru, mkia unaosema tu, andika neno "nipo". Mashine isiyo na tundu hukaa kimya. Mashine yenye tundu huandika: nipo.

Kabla ya kuvipima vipumulio vyote alitaka ajaribu kimoja, na kwa kuwa hakupenda kumgusa mgonjwa wa mtu mwingine, alichagua cha mumewe.

*

Nyumbani alimkuta Bibi Tusekile, mama yake Gwakisa, ameketi kando ya kitanda akichambua maharage. Alikuja kila siku kukaa na mwanawe wakati mkamwana yuko kazini. Subilaga alimwamkia, akaketi upande wa pili, akafungua kompyuta mapajani na kutuma kigezo.

Mashine ikajibu: nipo.

Alijua neno lile amelituma yeye mwenyewe, lakini akamtazama Gwakisa usoni. Macho yalikuwa nusu wazi, kama siku zote, yakitazama dari.

Ili ahakikishe hakuna mgeni aliyekwisha kuingia, alifungua kumbukumbu za mashine. Ganda likipewa amri lisiyoifahamu, hulalamika kwa kuiandika kama lilivyoipokea. Malalamiko ya namna hiyo alitegemea kukuta mawili matatu. Alikuta kurasa na kurasa.

Amri haijulikani: 5 5 6 5 3
Amri haijulikani: 5 5 6 5 3
Amri haijulikani: 1 1 2 3 2

Kwanza aliogopa. Kisha akaona kuwa hakuna hata moja iliyotoka nje. Zote zilitoka kwenye kijisanduku cha nguvu ya pumzi. Kipumulio kilipima jinsi msuli wa kifua unavyojikaza na kuupa daraja, kuanzia moja hadi saba, na kumbe Gwakisa alipojikaza kwa namna fulani tarakimu zilifurika kijisanduku, mkia ukabaki nje, na ganda likauchukua kuwa amri. Halikuelewa, likalalamika. Bila shaka alianza kwa bahati mbaya. Lakini mtu hafuriki vilevile mara nyingi hivyo kwa bahati mbaya.

Gwakisa alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika. Waliojiunga wapya waliogopa herufi za do na re, kwa hiyo yeye aliwafundisha kwa tarakimu, moja mpaka saba, akizionyesha kwa vidole hewani. Subilaga aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ile, na ndiko walikojuana. Alizisoma tarakimu tena, safari hii midomo ikicheza, halafu akaziimba kwa kunong'ona.

Mikono ya Bibi Tusekile ilisimama juu ya ungo.

"Nani kakukumbusha wimbo huo?" aliuliza. "Huo mwanangu aliutunga tulipomzika baba yake. Tangu siku ile sijausikia."

Subilaga alisogea karibu. Aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia sikio la mumewe.

"Gwakisa, kama unanisikia, panda ngazi. Moja, tatu, tano. Nikikuuliza jambo ukalikataa, shuka. Tano, tatu, moja."

Walingoja. Bibi Tusekile hakujua wanangoja nini, lakini naye aliacha hata kumeza mate. Kisha mstari ukaandikwa.

Amri haijulikani: 1 3 5

Jioni ile walimwuliza kila lililowajia. Je, alikuwa akiwasikia muda wote huu? Ndiyo. Alimsikia yule daktari aliyesimama juu yake na kusema hayumo? Ndiyo. Anaumwa? Hapana. Anajua mama yake yuko hapa? Ndiyo, na akairudia mara kadhaa, kama anayecheka. Anasikia baridi? Ndiyo. Dirisha la chumba kile walikuwa wakiliacha wazi asubuhi hata jioni, kwa kuamini hewa safi ya milimani inamfaa. Bibi Tusekile aliinuka kwenda kulifunga, akabaki amesimama pale mkono ukiwa kwenye komeo, mabega yakimtikisika, bila sauti.

*

Subilaga hakumficha Bi Kokusima kitu. Alimwekea zile kurasa mezani na kumwimbia mistari miwili. Bi Kokusima, ambaye ganzi ilimchukulia dada yake kabla vipumulio havijafika, alisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alisema anaamini. Halafu akaanza kueleza, taratibu, kwa nini kuamini kwake hakutasaidia.

Subilaga aliuliza kama kipumulio cha Gwakisa kinaweza kurukwa vingine vikizibwa. Hakikuweza. Mtandao wa milimani ni dhaifu, kwa hiyo vipumulio hupokezana taarifa, kila kimoja kikimpasia jirani yake kama watu wanaopokezana ndoo kwenye moto. Kimoja kikibaki na tundu, aliyeingia humo amefika kwa wote. Aliuliza kama kinaweza kutengwa na mtandao. Kiliweza, lakini kipimo cha dawa hutoka hospitali kila siku, na Gwakisa asingemaliza juma bila dawa. Basi je, haiwezekani kumtengenezea dirisha la halali, programu inayosoma tarakimu zake bila tundu? Iliwezekana. Lakini programu mpya ndani ya mwili wa mtu hujaribiwa kwanza, hupitishwa na jopo, huwekwa na mpasuaji, na hayo ni ya miaka. Tena jopo lenyewe ni la madaktari walewale waliosema hakuna mtu ndani.

"Nitaliandikia jopo, na nitalifuatilia mwenyewe," Bi Kokusima alisema. "Lakini kiraka cha kuziba tundu tayari kipo, na huyo aliyemuua mzee wa watu bado yupo. Siwezi kukupa zaidi ya Ijumaa, mdogo wangu."

Ufunguo wa kutumia kiraka alikuwa nao Subilaga. Angeweza kuurudisha, mwingine akafanya. Hakuurudisha, na baadaye alipojiuliza kwa nini, alikiri kuwa ni kwa sababu mwingine asingechelewa.

Siku zile hadi Ijumaa zilikuwa nzuri kuliko zote tangu ugonjwa uingie nyumbani kwao. Bibi Tusekile alihamia pale na mkeka wake. Alimsimulia mwanawe nani kaoa, nani kafilisika, mgomba upi umeangushwa na upepo, akimtaka Subilaga amsomee majibu. Gwakisa aligoma kula uji wa ulezi, hata kama ulipita kwenye mrija, na wakagundua kuwa siku zote hakuupenda. Akipewa nafasi alitoa nyimbo. Nyingine Subilaga alizijua, nyingine hakuwahi kuzisikia. Alikuwa amezitunga humo ndani, peke yake, bila mtu wa kumwimbia.

Alhamisi Subilaga alimweleza. Alimsimulia habari za mzee Nzunda, za tundu, na kwamba tundu lile ndilo mdomo wake. Akamuuliza kama anakubali lizibwe.

Amri haijulikani: 5 3 1

Alidhani hakujieleza vizuri. Akarudia yote, polepole, akimshika mkono.

Amri haijulikani: 5 3 1
Amri haijulikani: 5 3 1
Amri haijulikani: 5 3 1

Mistari iliendelea mpaka ikajaza kioo, ikaanza kupanda juu na kupotea. Subilaga alifunga kompyuta, lakini alijua kuwa kule ndani mumewe bado anajikaza.

Ijumaa alimwambia Bi Kokusima kuwa majaribio hayajakamilika, kwamba kiraka kinagongana na kipimo cha dawa. Haukuwa ukweli. Bi Kokusima alimtazama kwa muda, kama mtu anayeujua uongo na anayeijua sababu yake, halafu akasema basi iwe Jumatatu, wala si siku moja zaidi.

*

Jumapili alikufa mwanamke wa Chunya aliyeitwa Sikujua. Alikuwa na watoto mapacha. Walikuwa wamerudi kanisani na kuketi kitandani kwake, mmoja huku, mmoja huku, wakimwonyesha nguo zao. Mumewe alijaribu kumpulizia pumzi mdomoni mpaka midomo yake mwenyewe ikapasuka, na ndege ya msaada ilipotua uwanjani alikuwa bado anapuliza.

Bi Kokusima alimpigia Subilaga simu kumjulisha. Hakumlaumu. Alimtajia jina la marehemu na kijiji chake, kisha akauliza kama majaribio yamekamilika.

"Yamekamilika," Subilaga alisema.

Kabla kumbukumbu za mashine ile hazijafungwa kwa ajili ya polisi, alizifungua. Alitaka kuona mkia wa amri iliyomuua Sikujua, na aliuona. Juu yake aliona pia malalamiko ya ganda, yametawanyika katika miezi. Hayakuwa na wimbo. Ilikuwa mbili, mbili, mbili, basi, na yalikuja mchana wa siku za shule, muda ambao watoto hurudi nyumbani. Hakuna aliyekuwa ameyasoma. Subilaga alilia pale mezani, akamlilia mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, na katikati ya kilio akahisi kitu kimegeuka ndani yake. Alijua sasa atafanya nini. Kujua kule hakukumpa nafuu yoyote.

Jumatatu asubuhi, Bibi Tusekile alipokwenda sokoni, Subilaga aliketi kitandani kwa Gwakisa akafungua kompyuta. Alimsimulia habari za Chunya bila kupunguza kitu, hata mapacha, hata nguo zao, hata zile mbili mbili. Alimwambia pia kuwa kiraka kilikuwa tayari tangu kabla ya Ijumaa na yeye ndiye aliyekishikilia.

"Amekufa kwa sababu nilichelewa," alisema. "Nilichelewa kwa ajili yako, na kwa ajili yangu. Sasa nakuuliza mara ya mwisho, baba. Nizibe?"

Ilipita muda mrefu. Mashine ilivuta pumzi, ikaishusha, ikavuta. Kisha ukaja mstari mmoja, na tarakimu zake zilikuja kwa kuachana, kama za mtu aliyechoka.

Amri haijulikani: 5 3 1

Subilaga alifunika uso kwa mikono. Alikuwa ameomba usiku kucha apewe jibu jingine. Alitaka Gwakisa awe mkubwa kuliko woga wake ili yeye asilazimike kuwa mkatili, na Gwakisa alikuwa mtu tu, mtu aliyefungiwa gizani na kupata ufa, akiombwa auzibe kwa ruhusa yake mwenyewe.

"Nimekusikia," alimwambia. "Sitasema sikukusikia. Lakini nitaziba, Gwakisa. Kama hutaweza kunisamehe, usinisamehe."

Alingoja. Alitaka aseme hapana tena, au amtukane kwa tarakimu zozote, au atoe hata nusu ya wimbo. Kioo kilibaki kama kilivyokuwa. Hakuweza kujua kama amekubali, au amempa mgongo kwa namna pekee aliyobakiwa nayo. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya kifua cha mumewe, na kwa mkono wa kulia akakiruhusu kiraka.

Kilianza kwa Gwakisa. Kutoka kwake kikapita kwa jirani, kutoka kwa jirani kikavuka bonde, kikashuka Kyela, kikapanda Mbozi, kikafika Chunya ambako kulikuwa na kitanda kimoja kitupu. Kwenye kioo alama za kijani ziliwaka moja baada ya nyingine, kama vijiji vinavyowasha taa.

Utaratibu ulimtaka apime tena. Alituma kigezo chenye mkia. Mashine ilikaa kimya. Akatuma tena, ikakaa kimya. Kwa miaka yote ya kazi yake, ukimya ule ndio aliofundishwa kuutafuta. Aliyejua maana yake ni yeye. Gwakisa hakuwa amefungwa mdomo. Angeweza kujikaza mpaka kesho, kupanda na kushuka, kutunga na kutungua, na kila mkia wa pumzi yake ungekatwa na kutupwa bila hata malalamiko. Labda alikuwa akisema dakika ile ile, chini ya kiganja chake.

Aliandika taarifa fupi kwa Bi Kokusima: vipumulio vyote vimezibwa, hakuna kilichosalia. Akaituma.

*

Bibi Tusekile alirudi amelowa, na kikapu cha ndizi kichwani. Alitua kikapu mezani, akavua mtandio, akajifuta uso, akavuta kigoda chake kitandani.

"Haya, leo amesemaje?" aliuliza.

Macho ya bibi hayakuweza kusoma kioo, na siku zote alitegemea kusomewa. Subilaga alizijua nyimbo za Gwakisa za kutosha kumlisha mama yake miaka, mmoja leo, mwingine kesho, na hapa na pale ndiyo na hapana. Uongo ule ulimjia mdomoni ukiwa umekwisha kukamilika, na ulikuwa mtamu. Aliufikiria kweli.

"Hajasema, mama," alisema. "Na hatasema tena. Nimeliziba lile tundu asubuhi, uliposhuka sokoni."

Bibi Tusekile hakutikisika. Alikuwa ameelezwa mambo ya tundu mapema, akayaelewa kuliko walivyodhani.

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza, mama."

"Akasemaje?"

Subilaga aliona angeweza kunyamaza, na kunyamaza kungesomeka vyovyote.

"Alikataa," alisema. "Nilimuuliza zaidi ya mara moja, akakataa kila mara. Nimeziba akiwa amekataa."

Mama mtu aliutazama uso wa mwanawe. Alitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba ndizi ziliteleza kikapuni, mkungu mdogo ukaanguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kuuokota. Mwishowe alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake, kwamba sokoni watu walikuwa wakisimulia habari za mama wa Chunya, na kwamba mapacha wake wamechukuliwa na shangazi yao. Zaidi ya hayo hakusema, wala hakumtazama mkamwana wake.

Kisha akakunja mikono ya gauni lake mpaka kwenye viwiko. Saa ya kumgeuza Gwakisa ilikuwa imefika, na kumgeuza kulitaka watu wawili.

"Mshike mabega," alisema.

Subilaga akashika mabega. Wakamlaza ubavu, kwa kusikizana, bila neno. Bibi alimwaga mafuta kiganjani, akayapasha moto kwa kuyasugua, akaanza kumpaka mwanawe mgongoni, kutoka juu kwenda chini, akimsimulia ya sokoni kwa Kinyakyusa: bei ya ndizi, mvua, jirani aliyemsalimia. Baada ya kila habari alinyamaza kidogo na kungoja, kwa kiasi kilekile mtu anachokihitaji ili ajibu, ndipo akaendelea na nyingine. Mikono ya Subilaga ilianza kuchoka kwa uzito, lakini hakuthubutu kuomba apumzike. Alimshikilia mumewe hivyo hivyo, uso kwa uso, mpaka mama alipomaliza.